Homa ya nguruwe: hela ni moja, upime, usubiri chanjo au ujenge uzio?

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kufuga ni moja, "hivi chanjo ya homa ya nguruwe imeshafika?" na linaulizwa kwa sauti ile ile kila mara, sauti ya mtu mwenye majike manne bandani, jirani yake kashazika, na mfukoni ana laki tatu tu ya kuamulia. La pili linafuata hapo hapo, "na kile kipimo cha haraka kinauzwa wapi?" Sasa badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona niviweke vyote mezani, kipimo kwa kipimo, chanjo kwa chanjo, halafu tuviweke pembeni ya uzio na gambuti tuone hela iende wapi kwanza. Mimi sio daktari wa mifugo. Ni mfugaji wa huku Mbozi niliyewahi kulala na nguruwe 26 na baada ya wiki mbili na nusu nikabaki na watatu, kwa hiyo ninachosema kina harufu ya banda, ila mambo ya maabara nimeyauliza kwa wanaoyafanya mpaka wakanichoka.

Kwanza tukubaliane ni ugonjwa gani, manake hapa ndipo watu wanapigwa. Kuna homa mbili za nguruwe zenye majina yanayokaribiana. Hii yetu ni homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo daktari wa mifugo Montgomery aliyekuwa Kenya enzi za mkoloni ndiye wa kwanza kuiandika kitaalamu, mwaka 1921, na hesabu yake inatisha mpaka leo, nguruwe 1,352 walikufa kati ya 1,366. Nyingine ni ile inayojulikana zaidi Ulaya na Asia, na ukisimama bandani ukawaangalia wagonjwa wa homa zote mbili hutaona tofauti, ni homa kali, masikio mekundu, kulaliana kwenye kona na kufa kwa mkupuo, lakini virusi vyake havina undugu wowote na vya kwetu. Hiyo nyingine ina chanjo nzuri ya miaka mingi, walivipitisha virusi kwa sungura, sungura hadi sungura, mpaka vikapoteza ukali kwa nguruwe. Sasa mtu akikunong'oneza "ninayo chanjo ya swaini fiva, imetoka nje" na kwenye kichupa hakuna neno Afrika popote, ujue kuna uwezekano mkubwa ni hiyo nyingine. Kumchoma nguruwe wako hiyo ni sawa na kumchanja mtoto surua halafu ukategemea asiugue polio.

Siku ambayo kipimo kilinihusu

Jike langu kubwa tulikuwa tunamwita Bibi. Jumanne asubuhi alikataa machicha, na nguruwe anayekataa machicha huyo anakuambia jambo. Jioni ncha za masikio zilikuwa zimeanza rangi ya zambarau iliyoiva, kesho yake rangi ikashuka tumboni na mapajani kwa ndani. Nikampigia kijana mmoja anayezunguka na sindano, akaja na OTC, ile antibayotiki ya sindano, akamchoma Bibi, halafu kwa sindano ile ile, ncha ile ile, akawachoma wengine sita "kama kinga". Alikuwa ametokea banda la mtu mwingine kabla ya kwangu. Mimi ndiye niliyemwita, na mimi ndiye niliyekuwa nawashika miguu.

Ijumaa Bibi akafa nikafanya kosa la pili, nikampasua mwenyewe nione kuna nini. Nikaona wengu limevimba, jeusi, ukiligusa linamomonyoka kama ini lililokaa juani. Figo zina madoa mekundu kama mtu kazitoboa kwa pini. Nilichoona ni sahihi kabisa kwa ugonjwa huu, ila damu yote ile iliingia kwenye udongo, mbwa wakalamba, na mimi nikatembea na viatu vile vile mpaka banda la vitoto. Yaani nilipata jibu langu kwa njia ya gharama kuliko zote unazoweza kuzifikiria, na jibu lenyewe halikuwa na uhakika, kwa sababu kuna magonjwa mengine ya nguruwe yanayoleta wekundu na kifo cha ghafla, na mengine kati ya hayo yanatibika kwa penisilini ya bei ya soda mbili. Hiyo ndiyo sababu ya kupima. Sio kwa ajili ya kumponya mgonjwa, manake hii homa haina dawa, ni ili ujue kama unapambana na kitu chenye tiba au kitu kisicho na tiba.

PCR, kipande cha haraka na elisa

PCR mnaikumbuka toka kwenye korona. Inatafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe, na uzuri wake ni kwamba inakamata mapema, virusi vikishaanza kuzunguka kwenye damu hata kabla mnyama hajalala chini, na inakamata hata kwenye mzoga uliokaa. Ukikuta nguruwe ameoza hafai kutolewa damu, wataalamu wanaweza kuchukua uboho wa mfupa na bado wakapata jibu. Ubaya wake ni kwamba inataka maabara, mashine, mtu aliyefundishwa, na sampuli ifike ikiwa na ubaridi. Hapa kwetu ni TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, ambao wana makao Temeke na vituo kanda mbalimbali kikiwemo cha Iringa, pia pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, wamefanya kazi nyingi ya kusoma virusi vya milipuko ya nchini. Kenya wana maabara ya Kabete.

Halafu kuna kitu watu hawaambiwi kuhusu PCR. Inaona chembe za urithi, haioni kama kirusi kiko hai. Ukishasafisha banda na dawa ukaenda ukafuta ukuta kwa pamba ukapeleka, inaweza kukuambia kipo, kumbe kilichopo ni maiti ya kirusi. Kwa hiyo kwenye nguruwe anayeumwa iamini, kwenye ukuta uliooshwa tulia kwanza.

Kipande cha haraka ndicho kila mtu anakitaka, na ninaelewa, kinafanana na kile cha malaria cha zahanati, tone la damu, matone ya maji yake, dakika kumi hadi kumi na tano unasoma mistari. Kinatafuta protini ya kirusi kwenye damu. Sasa shida ni hapa, ili mstari utokee lazima damu iwe imejaa virusi kwelikweli, yaani mnyama ana homa ya kuwaka, siku za katikati ya ugonjwa. Ukikitumia kwa nguruwe aliyeambukizwa jana kitakudanganya. Ukikitumia kwa nguruwe aliyeugua muda mrefu akaanza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupambana na kirusi, kitakudanganya tena, manake kingamwili zinaifunika ile protini na kipande hakiioni. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba mistari miwili kwa nguruwe mwenye homa na masikio ya zambarau naichukulia kuwa kweli mpaka maabara iseme vinginevyo, nafunga banda siku hiyo hiyo. Mstari mmoja sichukulii kuwa kitu chochote. Na watu wengi hufanya kinyume, wakiona mstari mmoja wanashukuru Mungu wanampigia mnunuzi wa kitimoto aje abebe waliobaki.

Elisa ni habari nyingine, yenyewe mara nyingi inatafuta kingamwili, alama kwamba mwili wa nguruwe ulishakutana na kirusi. Kingamwili zinachukua siku saba mpaka kumi na nne kujitokeza. Nguruwe wa kwetu anayepata ugonjwa mkali mara nyingi anakuwa ameshazikwa kabla hajazitengeneza, kwa hiyo ukipeleka damu ya Bibi wangu siku ya tatu kwa elisa majibu yangerudi "hana" na tungeishia kubishana na daktari. Mtu asikuambie basi elisa haina kazi. Ureno na Hispania ugonjwa ulikaa kwao toka mwishoni mwa miaka ya hamsini na mwanzoni mwa sitini, na walipoamua kuufuta, Hispania ilituma timu za madaktari vijijini kuwapima nguruwe wazazi kingamwili, wale waliougua kimyakimya wakapona wakabaki na alama, wakawaondoa, mabanda ya hovyo yenye papasi yakabomolewa, na 1995 wakatangaza wameumaliza. Bila chanjo hata tone. Ila ile ilikuwa nchi, na wewe una mabanda mawili.

Kwa kifupi cha bandani:

Wanakufa sasa hivi, unataka jibu la uhakika: damu au wengu, PCR.
Wanakufa sasa hivi, maabara iko mbali na afisa ana kipande: tumia kipande uamue kufunga leo, na sampuli iende PCR vile vile.
Walipona, au unanunua jike mzazi kutoka eneo lililopata mlipuko miezi michache nyuma: hapo elisa ina maana, ikisaidiana na PCR.

Sampuli usichukue mwenyewe. Nilivyoona daktari alivyofanya mara ya pili, alikuja na vichupa vyenye kifuniko cha zambarau, vile vyenye dawa ya kuzuia damu isigande, akatoa kwenye mshipa wa shingo, akafunga kichupa kwenye mfuko, mfuko kwenye kopo, kopo kwenye deli lenye barafu, akavua glavu na buti zikabaki pale pale kwenye ndoo ya dawa. Alichagua wale wanaoumwa, sio wale wazima. Mimi nilikuwa nasukuma achukue na kwa wazima ili "tujue na wao", akaniambia hela ya kupima kumi wazima nipime wawili wanaokufa, jibu la hao wawili ndilo jibu la banda zima. Ushauri bora niliowahi kupewa bure.

Sasa chanjo, na hapa tuongee polepole

Kwa nini miaka zaidi ya 100 toka Montgomery na bado tunaulizana? Kirusi chenyewe ni jitu. Kinabeba maelekezo ya protini zaidi ya 150, na nyumba yake ni zile seli za kinga za nguruwe zinazotakiwa kukila, ni kama mwizi aliyeamua kupanga kituo cha polisi. Wanasayansi wamejaribu njia tatu kubwa na matokeo yake hayalingani hata kidogo.

Chanjo ya kirusi kilichouawa ndiyo salama kuliko zote na ndiyo isiyofanya kazi, kingamwili zinatoka lakini nguruwe akikutana na ugonjwa anakufa vile vile. Chanjo ya vipande, unachukua protini chache za kirusi unampa mwili azijue, nayo ni salama na siku moja inaweza kuja kuwa nzuri, ila mpaka sasa ulinzi wake unayumba, huyu anapona yule anakufa. Inayobaki ni chanjo hai, kirusi chenyewe kizima kikiwa kimepunguzwa makali, na hii ndiyo inayokinga kweli, na ndiyo inayotia hofu kweli. Ureno na Hispania walishaijaribu miaka ya 1960, nguruwe wengi waliochanjwa wakaishia kuwa wagonjwa wa kudumu, viungo vimevimba, vidonda kwenye ngozi, mimba zinatoka. Kila mtafiti wa chanjo hii analijua hilo tukio kama sisi tunavyojua mwaka wa njaa.

Vietnam ndiyo waliothubutu. Ugonjwa uliingia kwao Februari 2019, miezi michache baada ya China, na hasara ilikuwa ya nchi nzima. Wamarekani wa maabara ya Plum Island walikuwa wametengeneza kirusi ambacho wamekitoa jeni moja tu, I177L, kikawa kimepoa, Navetco ya Vietnam wakakigeuza kuwa chanjo ikaitwa NAVET-ASFVAC, ikaruhusiwa 2022. Agosti mwaka huo huo ikasimamishwa baada ya nguruwe waliochanjwa kufa mkoa wa Phu Yen, serikali yao ikasema ilitumika nje ya maelekezo. Kampuni nyingine, AVAC, ilikuja na yake inayoitwa AVAC ASF LIVE, hii imetolewa jeni kadhaa badala ya moja. Julai 2023 zote mbili zikaruhusiwa kuuzwa nchi nzima. Ufilipino wakaanza kuitumia ya AVAC kwa usimamizi wa serikali Agosti 2024, wakianzia mji wa Lobo, Batangas.

Ukiziweka hizo mbili upande kwa upande kwa macho ya mfugaji, tofauti inayoonekana ni umri. Ya Navetco ilitoka ikiwa ya vitoto vya wiki 8 hadi 10, ya AVAC inaanzia wiki 4. Zote zililenga nguruwe wa nyama na hazikuruhusiwa kwa jike mwenye mimba au dume la mbegu. Na hapo ndipo bajeti yetu inapogonga mwamba, manake mfugaji wa kwetu hana kundi la nyama la nguruwe 500 anaotaka kuwavusha mpaka uzito wa kuuza, ana majike manne na utajiri wake wote uko kwenye matumbo yao, yaani kundi lile lile ambalo chanjo haikutengenezewa.

La pili ni aina ya kirusi. Chanjo zote mbili zimetokana na kirusi cha Georgia cha 2007, wataalamu wanakiita jenotaipu ya II. Kwa Kenya na Uganda kinachotawala ni jenotaipu ya IX. Kwetu Tanzania ni mchanganyiko, Dar es Salaam 2008 walikuta ya XV, milipuko ya 2010 mpaka 2012 ikaonyesha ya II ipo nchini, na tunapakana na wenye hizo nyingine. (Cha kuchekesha ukikifuatilia kile cha Georgia, kinafanana na vya Msumbiji, Madagaska na Zambia, kwa hiyo kilitoka huku huku kwa majirani, kikapanda meli, kikaizunguka dunia, na sasa kinataka kurudi kikiwa kwenye kichupa chenye bei.) Chanjo ya aina moja haina dhamana ya kukinga aina nyingine. China 2023 walitoa taarifa ya kirusi kilichochanganyika jenotaipu ya I na ya II, nguruwe waliokuwa wamechanjwa kwa chanjo hai ya jenotaipu ya II wakapewa kirusi hicho, hawakukingwa.

Ndiyo maana mimi jicho langu liko Nairobi kuliko Hanoi. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pale wamekuwa wakichukua kirusi cha jenotaipu ya IX cha Kenya na kukikata jeni kwa mkasi wa CRISPR wapate chanjo hai inayofanana na ugonjwa wa huku. Ni utafiti, sio bidhaa, hakuna dukani. Ila ukiniuliza ni chanjo ipi ningesimama foleni, ni ya ukoo huo.

La tatu, na hili linaunganisha chanjo na kipimo, nguruwe aliyepewa chanjo hai anatoa kingamwili zile zile za aliyeugua. Elisa haiwatofautishi. Ukishachanja kimyakimya, siku kukitokea mlipuko kipimo hicho umeshakiua mwenyewe, itabidi PCR maalumu inayoangalia kama ile jeni iliyokatwa ipo au haipo. Na kirusi cha chanjo kinaweza kutoka kwa aliyechanjwa kikaenda kwa asiyechanjwa, sasa fikiria vijiji vyetu ambavyo nguruwe wa watu watano wanashea dume moja. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilishaonya 2023 kuhusu chanjo zisizo na viwango, na Mei 2025 ndio wakapitisha kiwango cha kimataifa cha chanjo ya ugonjwa huu, yaani mpaka juzi hata kipimo cha kusema hii chanjo ni nzuri kilikuwa hakipo. Kwa hiyo kichupa kikitolewa chini ya kaunta, jibu ni hapana. Sio "ngoja nijaribu kwa wawili". Uliza namba ya usajili TMDA, mamlaka ya dawa ya serikali, muuzaji akianza kukupa historia ndefu ondoka.

Ukialikwa kwenye majaribio halali siku moja, hayo ni mengine, nenda ila uliza maswali ya kikulima. Wakifa nalipwa na nani, naruhusiwa kuuza nyama lini, kirusi cha chanjo ni cha jenotaipu ipi, na jirani asiyechanja ameshaambiwa?

Uzio, gambuti na sindano yako mwenyewe

Hii sehemu haina mvuto, najua, hakuna mtu anapiga picha na gambuti zake akaweka status. Lakini ndiyo peke yake iliyoko dukani leo, inafanya kazi kwa jenotaipu zote bila kuuliza jina, na ndiyo inayozuia na magonjwa mengine juu yake.

Ukiangalia kirusi kilivyoingia kwangu hakikuruka hewani. Kilikuja kwenye ncha ya sindano, na kama sio sindano kingekuja kwenye viatu vya mnunuzi, manake huyo anazunguka mabanda matano kwa siku akiwapapasa nguruwe migongo kukadiria kilo. Au kingekuja kwenye makombo ya hotelini yenye vipande vya kitimoto, hii ni njia kubwa sana na watu wanaichukulia poa. Kirusi hiki kinakaa kwenye nyama iliyogandishwa kwa miaka. Makombo kama lazima uyatumie, kiwango cha kimataifa ni kuyachemsha nyuzi 90 kwa saa nzima huku unakoroga, na kwa bei ya kuni za sasa mimi nilipiga hesabu nikaona pumba na mashudu ni nafuu kuliko hayo makombo ya "bure".

Halafu kuna porini. Ngiri anabeba kirusi bila kuumwa, na papasi wanaoishi kwenye mashimo yake wanakirithishana wenyewe kwa wenyewe miaka. Papasi hao hao wakipata banda la udongo lenye nyufa wanahamia. Kwa wanaofuga pembezoni mwa hifadhi, hela ya kwanza kabisa ni uzio na kuziba nyufa, kabla hata ya gambuti.

Kwangu mimi laki tatu ingekatwa hivi. Jozi mbili za gambuti zisizotoka bandani, moja yangu moja ya mgeni. Pakiti ya sindano, kila nguruwe ncha yake, na anayekuja kuchoma atumie zangu. Ndoo, brashi na dawa ya kuua vijidudu, na hapa msisahau, kwanza sabuni na brashi mpaka tope litoke ndio dawa, manake dawa juu ya kinyesi haifanyi kitu. Inayobaki yote kwenye miti na waya. Mnunuzi anaona nguruwe kwa nje ya uzio, akitaka kupapasa basi nampapasia mimi namtajia.

Kipimo unaweka akiba ya nauli ya sampuli na namba ya afisa mifugo kwenye simu, haihitaji zaidi ya hapo kabla ya siku yenyewe. Watu wanaogopa kumpigia kwa sababu ya karantini, na kweli karantini inauma, ilinikuta na mnunuzi mkononi na sikupata fidia. Lakini nguruwe wa kuuza harakaharaka usiku ndio wanaopeleka homa wilaya ya pili, na wiki tatu baadaye inarudi kwako kupitia buchani.

Tofauti kidogo kwa mwenye kundi kubwa, tuseme majike 50 na wafanyakazi. Huyo tayari ana uzio, kwa hiyo shilingi inayofuata sio ya waya, ni ya makubaliano na maabara ili kila nguruwe anayekufa bila sababu apimwe, hata mmoja. Ugonjwa huu ukianza kwenye kundi kubwa hauui wote siku moja, unaanza na mmoja kona ile, siku kadhaa kimya, halafu wengine. Zile siku za kimya ndizo za kuokoa mabanda mengine.

Sasa na aliyekwisha kupigwa kama mimi? Hapo kuna kipimo cha nne ambacho hakiuzwi popote. Wale watatu waliobaki nilishauriwa niwaondoe, nikawaondoa, nikasafisha, nikaziba nyufa kwa saruji, nikaacha banda tupu siku 40, hesabu nzima bila kudanganya. Halafu sikununua kumi kama nilivyotaka. Nilinunua vitoto wawili nikawaacha watembee kila kona, wapekue kila ufa, kwa wiki sita, huku nawaangalia asubuhi na jioni kama muuguzi wa zamu. Kila asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni na ndoo ya machicha nikisikiliza kwanza kabla ya kufungua, na siku ya 42 nilipogonga ndoo mara moja tu wakaja mbio wote wawili, mmoja akapanda juu ya mwenzake kugombania, ndipo nikampigia mwenye majike kwamba namletea hela Jumamosi.